Pedi imeng'ang'ania butloda? Anza na kitufe

Kijana aliingia kibandani kwangu Ngamiani, Tanga, pedi yake ya kuchezea gemu ameishika kwa mikono miwili kama trei ya mayai. "Fundi, imekufa. Nikichomeka, kompyuta inaniletea flashi." Ni pedi ya gemu za ngumi aliyoiunda mwenyewe kwa bodi ya Raspberry Pi Pico na GP2040-CE, programu inayoigeuza bodi hiyo kuwa pedi.

Haikuwa imekufa. Hiyo "flashi" inayojitokeza kwa jina RPI-RP2 ndiyo butloda, programu ndogo ya KB 16 ya kupokelea programu nyingine, iliyowekwa ndani ya RP2040, chipu ya Pico, tangu kiwandani, na huwezi kuifuta hata ukitaka. Ndiyo maana nazipenda bodi hizi tangu zilipotoka 2021. Ukiiona RPI-RP2, jua chipu ni nzima na waya wako unapitisha data (waya nyingi za chaja hazipitishi). Ikikwambia ina nafasi ya MB 128, usiiamini. Kumbukumbu ya Pico ni MB 2 tu.

Cha kujiuliza ni kwa nini haitoki humo. Ama chipu haikuti programu inayoeleweka kwenye kumbukumbu, ama inapowaka inaona kimebonyezwa BOOTSEL, kitufe cha kwenye bodi cha kuiingiza butloda. Wengi hukimbilia hilo la kwanza, wanaweka faili la programu na kuweka tena. Kijana alishaliweka mara sita.

Nikamwomba aliweke mbele yangu, nikaangalia skrini. RPI-RP2 ikapotea, kisha ikarudi. Angekuwa ameweka faili la Pico 2, bodi yenye chipu tofauti, chipu ingelipuuza na RPI-RP2 isingeondoka kabisa. Kupotea kwake kulinionyesha faili limepokelewa, kwa hiyo nikaiacha kompyuta nikachukua mita.

Geuza Pico, nyuma kuna kidoti kimeandikwa TP6. Hicho kinaunganika na BOOTSEL. Chomoa waya wa USB, weka mita kwenye mlio, ncha moja TP6, nyingine GND (ardhi ya saketi), na usiguse kitufe. Mita inatakiwa inyamaze. Ya kwake ililia mfululizo.

Kwanza nilishuku mfuniko, maana boksi likibana sana hukikandamiza kitufe. Nikaufungua, mlio ukaendelea. Kwenye lenzi nikaona ukoko wa kijani umezunguka kitufe, nacho kimezama upande mmoja. Anakaa karibu na bahari, na pedi hulala dirishani. Sisi wa Tanga tunaijua hewa ya chumvi inavyokula bati na baiskeli. Kitufe kidogo hivi hakiwezi kuihimili.

Nikasugua kwa mswaki laini na spiriti ya asilimia 99, nikabonyeza na kuachia mara nyingi, nikasugua tena, nikaacha ikauke vizuri. Kitufe kikaanza kurudi chenyewe. Mita kimya.

Kuna aliyekuwa amemshauri atumie flash_nuke. Nashukuru hakumsikiliza, maana faili hilo hufuta kumbukumbu yote, pamoja na mpangilio wa vitufe alioutengeneza kwa wiki nzima. Ina kazi yake, ila si kwa kitufe kilichonasa.

Tulichomeka bila kuweka faili lolote jipya. RPI-RP2 haikutokea. Kompyuta ikaitambua pedi, na vitufe vyake vyote vilikuwa vilevile alivyovipanga.