Je, wajua kwa nini wafumaji wa Saltaire hawakuwekwa ghorofani?

Saltaire ni kijiji karibu na Bradford, Uingereza, kilichojengwa na tajiri wa sufu Titus Salt. Kiwanda chake, chenye urefu wa mita 166 hivi, kilifunguliwa Septemba 1853. Nyuzi zilisokotwa kwenye jengo la ghorofa, lakini ufumaji ukawekwa kwenye banda pana lisilo na ghorofa, lenye mashine zipatazo 1,200.

Sababu ya kwanza ni mtikisiko. Mashine ya kufumia hurusha uzi upande huu na kuusimamisha upande ule, kisha huukandamiza kwa kishindo. Mamia yakifanya hivyo pamoja juu ya sakafu ya ghorofa, kuta hupata nyufa. Chini, kishindo huingia ardhini.

Ya pili ni mwanga. Paa la banda lina meno kama msumeno, na vioo vyake kwa kawaida hutazama kaskazini. Huko Ulaya jua halipiti upande huo mchana, kwa hiyo mwanga ni tulivu, hauna vivuli vikali. Mfumaji anauona uzi uliokatika kabla kasoro haijaenea kwenye kitambaa.

Paa hilo lilikuwa na kazi nyingine pia: kukinga mvua. Maji magumu, yaani yenye madini kama chokaa, yakikutana na sabuni hufanya utando unaong'ang'ania sufu, na rangi ikaingia kwa mabaka. Maji ya mvua ni laini, yakahifadhiwa kwa kuoshea sufu. Shafti za kuendeshea mashine, yaani vyuma virefu vinavyozunguka, nazo zilipitishwa chini ya sakafu, si juu. Mikanda inayozunguka juu ya vichwa huleta vumbi, kelele na ajali.

Nyumba zaidi ya 800 zilifuata, zote za mawe, kila moja ikiwa na maji, gesi, ua na choo chake. Hilo lilikuwa jambo kubwa: Bradford ya wakati huo ilijaa nyumba zilizobanana mgongo kwa mgongo, na kipindupindu kiliua mamia mwaka 1849. Usawa, hata hivyo, haukuwepo. Wasimamizi walipewa nyumba kubwa zaidi, hivyo hadhi ya mtu kazini ilionekana mlangoni kwake. Baa hazikuruhusiwa. Hata nguo zilizoanikwa barabarani zilimkera Salt, akajenga jengo la kufulia lenye mashine za mvuke, ambalo lilibomolewa 1936. Kiwanda chenyewe kilifungwa 1986, na kijiji kikaingia kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001.