Kazi ya nyumbani ya Kiarabu kwa sauti: mwachie mwanafunzi kimya

Mwanafunzi wa Kiarabu akirudi nyumbani na daftari peke yake, amerudi na nusu ya somo. Kiarabu cha magazetini na cha vitabu vingi huandikwa bila harakati, yaani alama za irabu fupi, na herufi tatu كتب zinaweza kuwa kataba, yaani aliandika, au kutiba, iliandikwa, au kutub, vitabu. Darasani nipo, nasoma, anafuata. Saa mbili usiku kule Pangani au South C, mitaa ya Nairobi, mzazi akiwa bado kwenye msongamano wa Thika Road, mimi sipo, na mara nyingi nyumbani hapo hakuna anayejua Kiarabu. Kwa hiyo kazi ninayotoa huenda pamoja na sauti kwenye simu ya mzazi.

Lakini nyingi ya sauti zinazotumwa kwenye magrupu ya madrasa hazimfai mtoto. Mwalimu anasoma ukurasa mzima mfululizo, dakika sita, saba. Mtoto anabonyeza, anaiacha iendelee huku akifanya hesabu, inaisha. Kusikia amesikia, ila hakuna alichoulizwa. Rekodi inayofundisha ni ile inayomlazimisha mwanafunzi kuamua: nilichosikia ni hiki au kile? Na ili aamue anahitaji muda, yaani kimya ndani ya rekodi yenyewe.

Kwanza tuone sikio la mtoto wa Nairobi linakwama wapi. Wengi watakwambia ni herufi za koo, ع (ain) na ح (ha ya koo), na zile nzito, ص ض ط ظ. Zina ugumu wake, sikatai. Ukisema kalb badala ya qalb umetaja mbwa ulipokusudia moyo. Lakini herufi hizo mtoto anajua ni ngeni, kwa hiyo anajitahidi. Kinachomponyoka bila yeye kujua ni urefu. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho na kuivuta kidogo. Mtoto anayeongea Kiswahili na Sheng kutwa nzima, akiona كَتَبَ, husema ka-TAA-ba. Mwarabu anasema KA-ta-ba, mkazo mwanzoni, irabu zote tatu fupi. Na huo urefu ndio unaobeba maana: kataba ni aliandika, kaataba ni aliandikiana na mwenzake. Darasa ni alisoma. Ukiweka shada, ile alama ya kukaza herufi mara mbili, darrasa, ni alifundisha. Hamaam ni njiwa, hammaam ni bafu.

Ukienda Eastleigh mambo yanageuka. Mtoto anayezungumza Kisomali nyumbani tayari ana ain na ile ha ya koo, maana Kisomali kinazo; katika maandishi yao ndizo c na x. Irabu fupi na ndefu pia anazo, na shada haimsumbui. Yeye hukwama kwenye ز, kwa kuwa lugha yake haina z, na zaytuun inamtoka saytuun. Aliyekulia Mombasa akahamia huku ana th, dh na gh tangu utotoni. Na wapo wanaosema zahabu wakikusudia dhahabu. Hao wanahitaji wiki nzima ya ذ na ز peke yake. Darasa moja lina masikio ya aina tatu au nne, na rekodi moja haiwatoshi wote. Mimi hutuma moja ya wote, kisha fupi fupi kwa kila kundi, sekunde 30 au 40 tu. Ni kazi zaidi kwa mwalimu, lakini ndipo matokeo yanapoonekana.

Hizi fupi nazipanga kwa mahali herufi inapotokea, kuanzia kooni kuja midomoni. Mpangilio huu ni wa zamani sana. Al-Khalil bin Ahmad wa Basra, katika karne ya 8, alipounda kamusi ya Kiarabu hakufuata alif, ba, ta. Alianza na ain, akasogea mbele mdomoni herufi kwa herufi. Kwa kazi ya sauti naona njia hiyo inafaa kuliko alfabeti, kwa sababu inaziweka jirani herufi zinazochanganywa: ح karibu na ه, ق karibu na ك, ص karibu na س.

Sasa rekodi yenyewe. Tuchukue ile ya njiwa na bafu. Nasema, "Namba moja." Napumua. "Hammaam." Nanyamaza sekunde nne. Katika kimya hicho mtoto anachora kwenye daftari: ndege akisikia njiwa, ndoo akisikia bafu. Hachori vizuri na wala si lazima. "Namba mbili. Hamaam." Kimya tena. Nachanganya bila mpango, mara njiwa mara mbili mfululizo, mara bafu mara tatu, maana nikipishanisha moja kwa moja atabashiri bila kusikiliza. Maneno kumi yanatosha. Majibu siyaweki mwishoni mwa rekodi, kwa sababu mtoto ataruka hadi huko kwanza. Yanakuja asubuhi kabla ya shule, kwa sauti pia, ili asikie tena alipokosea.

Sehemu ya pili ni kurudia. Nasema neno, naacha kimya, nalisema tena. Kimya cha kurudia kiwe kirefu kuliko neno lenyewe. Njia yangu ya kukipima ni kulisema neno moyoni mara moja, nikavuta pumzi, ndipo nikaendelea. Ukiacha kimya kifupi mtoto anaanza kusema, sauti yako inamkatiza, na akikatizwa mara mbili tatu anaacha kusema kabisa.

Ya tatu ni imla. Sentensi moja: فوق البيت حمامة بيضاء, juu ya nyumba kuna njiwa mweupe. Naisoma nzima, kisha vipande vipande, kisha nzima tena. Mtoto aandike herufi kwanza, halafu asikilize upya aweke harakati na shada kwa kalamu ya rangi nyingine. Rangi mbili zinanionyesha mara moja tatizo liko kwenye herufi au kwenye urefu.

Hapa nawaomba walimu wenzangu jambo moja kwa mkazo: msisome polepole. Najua nia ni njema. Lakini ukipunguza mwendo, kinachovutika ni irabu fupi, na kataba unayoituma inakuwa kaataaba. Unamfundisha mtoto kosa lile lile unalotaka kulitoa. Soma kwa mwendo wa kawaida, vipande vifupi, kisha nyamaza. Kwa upande wa wazazi, kile kitufe cha kasi kwenye sauti za WhatsApp kikae 1. Watoto wanajua kukiweka 2 ili wamalize mapema; basi kimya changu cha sekunde nne kinakuwa cha mbili, na irabu ndefu inakaribia kuwa fupi.

Halafu kuna mwisho wa maneno. Katika usomaji unaoendelea, kitaabun ina tanwini yake, ile n ya mwisho. Ukisimama inakuwa kitaab. Madrasatun ukisimama ni madrasah. Mtoto akisikia siku zote namna moja tu, anaona mwalimu na kitabu vinapingana. Kwa hiyo neno jipya nalisoma mara mbili, mara moja nikiliunganisha na linalofuata, mara moja nikisimama. Hapa ndipo pia wazungumzaji wa Kiswahili wanapoongeza irabu ya ziada mwishoni na kusema kitabu pale panapotakiwa kitaab, mdomo ufungwe kwenye b. Kimya kinachofuata neno kinasaidia sana, kwa sababu hiyo b inasikika imefungwa, bila kitu nyuma yake.

Wazazi wengi huniuliza kwa nini nisitumie tu visomo vya Qurani, ambavyo vimejaa kwenye simu. Kwa kujifunza mahali pa kutoa herufi, hakuna mwalimu bora. Mahmoud Khalil al-Husary, msomaji wa Qurani wa Misri, ambaye kisomo chake kizima cha murattal, yaani cha mwendo wa utulivu, kilitoka mwaka 1961, anatoa kila herufi kwa ukamilifu unaoweza kuusikiliza maisha yako yote. Lakini tajwidi, kanuni za kusoma Qurani, ina vipimo vyake vya kuvuta, na hapa harakati ni kipimo cha muda: madi ya kawaida harakati 2, nyingine 4 au 5, ya lazima 6. Kuna ghuna pia, sauti ya puani. Hivyo ni vya kisomo, na vina heshima yake mahali pake. Mtoto aliyejifunza Kiarabu kwa visomo pekee huja akiuliza njia ya kwenda sokoni kwa madi ya harakati tano. Kwa sentensi za mazungumzo anahitaji sauti ya mazungumzo.

Kuhusu mashine zinazosoma maandishi, zitumie kwa uangalifu. Ukiipa maneno bila harakati, inabashiri, na kwa كتب inaweza kubashiri vibaya. Andika harakati zote kwanza, shada zote, ndipo uisikilize mwenyewe kabla ya kumtumia mtoto. Wapo pia wazazi wanaotaka nimsomeshe mtoto kwa kupiga simu. Napendelea rekodi. Simu ya kawaida ilijengwa kupitisha sauti za kati ya hetzi 300 na 3400 hivi, na sehemu kubwa ya mlio wa س iko juu ya hapo. Kwenye laini ya aina hiyo ث, س na ف (th, s na f) zinakaribia kufanana, na mtoto anaonekana hana sikio kumbe ni laini. Rekodi hubeba zaidi. Na haili data nyingi: dakika moja iliyobanwa kwa kilobiti 16 kwa sekunde ni kilobaiti 120 tu.

Pa kurekodia Nairobi ni mtihani. Barabara za Eastleigh zina honi hadi usiku, na stima ikipotea jenereta za maduka zinaanza. Mimi hurekodi baada ya alfajiri. Epuka chumba chenye vigae na kuta tupu, kwa kuwa mwangwi unaongeza mkia kwenye irabu fupi ikasikika ndefu. Chumba chenye mazulia, mapazia na nguo zinazoning'inia kinafaa zaidi. Simu iwe shubiri moja kutoka mdomoni, pembeni kidogo, isikae mbele ya pumzi.

Mama mmoja aliniuliza, "Maalim, mimi Kiarabu sijui hata alif. Nitajuaje kama huyu anafanya kazi au anacheza tu?"

Nikamwambia, "Mama, usisikilize Kiarabu. Sikiliza kimya. Mimi nikinyamaza, yeye anasema?"

"Na kama hasemi?"

"Basi rudisheni mwanzo."

Hilo mzazi yeyote analiweza, akiwa jikoni anakata sukuma.

Kisha mtoto anarekodi yake na kunitumia. Maneno matano tu, si ukurasa. Wanafunzi thelathini wakituma dakika tano kila mmoja, hakuna mwalimu atakayesikiliza zote, na mtoto anayegundua kwamba hasikilizwi huacha kutuma. Majibu yangu yanakuwa kwa sauti, na hayasemi "umekosea". Yanasema, "Nimesikia ka-TAA-ba. Nataka KA-ta-ba," kisha kimya, ili aseme pale pale. Rekodi ya kwanza ya muhula naihifadhi. Wiki ya mwisho namsikilizisha yake ya mwanzo na yake ya sasa zikifuatana. Mtoto wa miaka kumi anaisikia tofauti mwenyewe, na furaha ile usoni inanifanya nipende kazi hii.

Wakubwa wanaojiandaa na KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari Kenya, wana sababu ya ziada, kwa kuwa Kiarabu hutahiniwa kwa kusikiliza na kwa kuzungumza pia. Kwao naongeza sauti za wasemaji mbalimbali, wa kiume na wa kike, habari fupi za redio, ili wasizoee koo langu peke yake. Utaratibu ni ule ule: sikiliza, simamisha, amua, andika.

Limebaki la nyumba zisizo na simu kubwa, na si chache. Kabambe, zile simu ndogo za vitufe, nyingi zinacheza muziki kutoka kwenye memori kadi, ila hazisomi faili za sauti za WhatsApp jinsi zilivyo. Zigeuze ziwe MP3 kwenye kompyuta, au mwombe kijana wa sabakafe akugeuzie, kisha uziingize kwenye kadi ya mzazi. Anza kila jina la faili na namba, 01, 02, 03, ili simu izipange kwa mfuatano wa masomo. Na katika faili hizo taja namba ya zoezi kwa sauti mwanzoni, "zoezi la tatu", kwa kuwa kioo cha kabambe ni kidogo na jina refu halionekani lote.