Mshauri nasaha hamwamulii mteja
Imani kwamba mshauri nasaha ni mtu mwenye busara anayemwambia mwenye shida afanye nini imedumu sana, na ndiyo inayowafanya wengi wadhani kwamba umri na ufasaha vinatosha kuifanya kazi hii. Sivyo. Mwanasaikolojia wa Marekani Carl Rogers alieleza mwaka 1957 kwamba mabadiliko hutegemea uhusiano ambamo mshauri anamwelewa mteja kwa undani, anamkubali bila masharti na hajifichi nyuma ya cheo. Na ingawa wataalamu wengine walibishana naye kama hayo pekee yanatosha, umuhimu wa mambo hayo umebaki. Ndiyo maana mwanafunzi wa fani hii hujizoeza kusikiliza, kuvumilia ukimya, kutunza siri na kutambua pale uhai wa mteja unapokuwa hatarini. Kisha huonana na wateja chini ya msimamizi, na hiyo, kwa maoni yangu, ndiyo shule yenyewe. Nchini Kenya, sheria ya mwaka 2014 iliunda bodi ya kuwasajili washauri na wanasaikolojia, jambo la lazima kabisa, kwa sababu mwanamke anayepigwa nyumbani akiambiwa tu na mshauri asiyefunzwa kwamba avumilie, anarudishwa hatarini.