Kriolaiti na ndugu zake: floridi zenye metali mbili

Tumbukiza kipande cha kriolaiti safi kwenye glasi ya maji, nacho kitapotea machoni. Hakijayeyuka. Kinapinda mwanga karibu sawa na maji (kipimo cha kupinda ni 1.34 kwa 1.33), basi kingo zake hazionekani. Kriolaiti, Na3AlF6, ni floridi, yaani muungano wa florini na metali, hapa metali mbili, sodiamu na alumini, na bila hiyo sufuria ya alumini ingebaki chombo cha matajiri.

Oksidi ya alumini itokanayo na boksiti, mawe yenye alumini, huyeyuka kwenye nyuzi 2,070 hivi za Selsiasi, moto mkali mno kwa kuzalisha alumini kwa bei nafuu. Mwaka 1886 Charles Hall wa Marekani na Paul Héroult wa Ufaransa, kila mmoja kivyake, waligundua kuwa inayeyuka ndani ya kriolaiti ya moto kama sukari kwenye chai. Leo matanuri huendeshwa kwenye nyuzi 960 hivi. Umeme wa volti 4 na ushei huvunja oksidi lakini floridi hubaki salama, maana florini imezing'ang'ania metali zake kwa nguvu zaidi. Alumini, nzito kidogo kuliko uji huo wa kriolaiti, hutuama chini.

Ugumu uko kwenye kulisha tanuri. Oksidi ikizidi, hujikusanya chini kama mashapo na kuzuia umeme. Ikipungua mno, volti huruka hadi 30 au zaidi, na kaboni ya elektrodi, nguzo inayoingiza umeme, huanza kuungana na florini kuwa CF4, gesi inayoipasha dunia joto mara maelfu kuliko kaboni dioksidi. Unyevu nao huzaa floridi ya hidrojeni inayounguza mapafu. Ndiyo maana moshi hupitishwa kwenye unga wa oksidi uinase, kisha unga huohuo hulishwa tanurini. Na kuta je? Uji huu hula karibu kila aina ya tofali. Kinachozikinga ni ukoko wa uji wenyewe ulioganda pembeni. Joto likipita kiasi, kinga hiyo huyeyuka.

Mgodi maarufu wa kriolaiti, Ivittuut huko Greenland, ulifungwa 1987. Inayotumika sasa hutengenezwa viwandani.

Ukibadili metali, kazi nayo hubadilika. NaYF4, floridi ya sodiamu na itriamu, iliyotiwa metali za itabiamu na erbiamu kidogo, ukiimulika kwa mwanga wa infraredi ya nanomita 980 isiyoonekana kwa macho, hung'aa kijani, jambo linalofaa wino wa kunasa bidhaa bandia. Maji yakigusa chembe zake mng'ao hufifia, hivyo huvikwa ganda la NaYF4 isiyotiwa itabiamu wala erbiamu.