Gunia halipimwi kwa jicho wala kwa mkono

Kila mavuno yakianza, malalamiko yanayotufikia sisi maafisa vipimo kutoka soko la nafaka la Kibaigwa, Dodoma, na minada ya jirani huwa yaleyale: nimepunjwa. Tukimwuliza mkulima amejuaje, anasema amelinyanyua gunia mwenyewe. Hapo ndipo tunapokwama, maana mkono anaoutegemea ulikwishasikiliza jicho.

Mwaka 1891 daktari Mfaransa, Augustin Charpentier, alieleza kwamba vitu viwili vikiwa na uzito sawa, kimoja kikubwa na kingine kidogo, kile kidogo huhisiwa kizito zaidi. Jaribu nyumbani. Tia mchanga kwenye ndoo na kwenye kopo mpaka mizani iseme kila kimoja, pamoja na chombo chake, kina kilo 2. Nyanyua. Utaapa kopo limezidi. Cha ajabu, ukirudiarudia, vidole hujirekebisha na kuvishika vyote kwa nguvu inayostahili, ila wewe unaendelea kuhisi vilevile. Kwa hiyo wale wanaotuambia "nina miaka ishirini sokoni" watuwie radhi.

Sasa weka gunia la alizeti kando ya kiroba cha karanga. Alizeti hujaza gunia bila kuwa nzito; jicho lililozoea gunia la mahindi linakupotosha kabla hujainama.

Hatusemi mkono hauna kazi. Ubongo huchanganya habari za macho na za vidole, ukiegemea zaidi upande ulio wazi kwa wakati huo. Ukitaka kujua ukavu wa mahindi au mchanga uliochanganywa, tia mkono ndani ya gunia, utajua mengi ambayo macho hayaoni. Uzito ni habari nyingine.

Kabla ya kupima, hakikisha mizani imekaa pahali tambarare, inasoma sifuri ikiwa tupu, na ina stika ya uhakiki ya mwaka huu. Uhakiki hufanyika angalau mara moja kila mwaka. Simama unapoona usomaji, si nyuma ya mpimaji. Lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo chake, ni kosa, hata kama mmekubaliana. Tunaulizwa hili kila wiki. Chini ya Sheria ya Vipimo, Sura 340, anayekiuka anaweza kutozwa faini, kufungwa, au vyote viwili.

Ukiwa na shaka, mwite afisa vipimo mzigo ukiwa bado umefungwa. Ukishaumwaga ghalani na kuuchanganya na wa wengine, hatuna cha kupima.