Mama Zuhura na gemu la mikopo

Mama Zuhura ana miaka 34, anapika chapati na maharage Mbagala, Dar es Salaam, na hayupo duniani. Nimemtunga baada ya kukaa na mama lishe wengi, nikachukua jambo la huyu na la yule nikampa mtu mmoja. Watu wa kubuni namna hii, wanaosimama badala ya watumiaji halisi, walienea kwenye usanifu wa programu kupitia Alan Cooper, Mmarekani, mwishoni mwa miaka ya 1990. Mimi namtumia kwenye gemu dogo la simu linalofundisha kulinganisha mikopo, hasa ile inayoitwa mtaani kausha damu.

Karatasi nyingi za kuwaelezea watu hawa zimejaa mapambo: anapenda taarabu, rangi yake zambarau, ana ndoto ya kufungua mgahawa. Kila mstari naupima kwa swali moja: ukifutwa, kuna kitu kitabadilika kwenye skrini? Taarabu nikaifuta. Mikono nikaiacha.

Mkono wa kulia unageuza chapati, wa kushoto umeshika simu na una unga na mafuta. Kidole chenye mafuta kikiburutwa, skrini inababaika. Basi gemu zima ni la kugusa tu kwa dole gumba, na vitufe vyote viko chini. Mteja akitokea simu inawekwa pembeni papo hapo, kwa hiyo hakuna saa inayomkimbiza mchezaji, na simu ikizima raundi haipotei. Simu yenyewe ni Android ya bei nafuu iliyojaa video za WhatsApp, na bando ni la siku. Ukishalipakua, gemu halihitaji tena intaneti.

Kazi kubwa ilikuwa hesabu. Chenji ya msimbazi, noti ya elfu kumi, Mama Zuhura anairudisha huku anaongea na mtu mwingine. Asichokitumia ni asilimia. Anapiga hesabu ya shilingi kwa siku, na kausha damu inauzwa kwa lugha hiyo hiyo: chukua laki moja, rejesha 4,500 kila siku kwa siku 30. Jumla 135,000. Wengi wanaishia hapo, wanasema riba ni asilimia 35. Lakini ile laki haikai mkononi mwezi mzima. Inamegwa kila siku, na siku ya 15 nusu ya mtaji imesharudi kwa mkopeshaji. Kwa wastani alikuwa na kama 50,000 za watu, akazilipia 35,000. Hiyo ni karibu asilimia 70 kwa mwezi!

Utamwonyeshaje hilo mtu asiye na muda wa kusoma aya? Nimechora makopo mawili. La kwanza ni pesa ya mkopo iliyobaki kwenye biashara, la pili ni riba. Mkusanyaji akija kuchukua 4,500, takribani 3,333 zinatoka kopo la kwanza na 1,167 zinadondoka la pili. Siku ya 28 kopo la kwanza limebaki na 6,700 hivi, na bado zinadondoka 1,167 zile zile. Asilimia inatokea mwisho wa raundi, kwa maandishi madogo, kwa anayeitaka.

Mwenzangu alitaka tuweke orodha ya washindi. Mama Zuhura hawezi kuikubali: deni ni siri, hata la kuchezea, na watakaoiona ni majirani na wenzake wa kikoba. Tukaacha. Zuhura mwenyewe, darasa la nne, jioni simu ni yake. Kwa hiyo mama na mtoto kila mmoja ana biashara yake ndani ya gemu, la sivyo mama ataamka ameshafilisiwa.

Ila mtu wa kubuni hashiki simu. Anachuja mawazo mapema, kisha lazima uwape mama lishe wa kweli wacheze, na wewe ukae kimya. Wao ndio walioikataa sauti ya hongera: mteja akiisikia atajua unacheza kazini. Sasa gemu linaanza bila sauti.

Kuna wanaotaka nimwongeze dereva wa bodaboda mwenye pikipiki ya mkataba. Simwingizi humu. Yeye ana muda mrefu kijiweni akisubiri abiria, mikono yake mikavu, na anapeleka hesabu kwa bosi hadi chombo kiwe chake. Anachohitaji kujua ni kama pikipiki itakuwa bado nzima mkataba ukiisha. Hilo ni gemu jingine, na vitufe vyake vingine.