Kabla hujatundikiwa dripu ya uchovu

Aliingia famasini Jumatatu jioni, plasta bado iko mkononi. Anasoma chuo kimoja hapa Moshi, anakimbia mita 1,500, na jioni nyingi nakutana naye akitoka mazoezini uwanja wa Ushirika. "Shikamoo dokta." Mimi ni mfamasia, lakini ubishi wa cheo hicho niliuacha zamani. Nikamuuliza kama ni malaria. "Hapana, nilichoka tu. Nimepita zahanati wakanitundikia chupa moja. Sasa hivi niko fiti." Jumamosi yake alikuwa na mashindano.

Chupa moja ni mililita 500. Orodha ya WADA, wakala wa dunia unaopambana na dawa zilizokatazwa michezoni, hairuhusu mwanamichezo kuingiziwa maji mshipani zaidi ya jumla ya mililita 100 ndani ya saa 12. Katazo hilo ni la mwaka mzima, siyo la siku ya mashindano peke yake, na halijali ndani ya chupa kuna nini. Chumvi, glukosi, vitamini, yote sawa. Maji mengi yakiingia mshipani huzimua damu na mkojo, na mwenye la kuficha anaweza kujificha humo. Aliyelazwa hospitali kwa malaria kali, au aliyepasuliwa, hana kosa. Dripu yake ni sehemu ya matibabu na faili lake litasema. Tatizo ni hii dripu yetu ya uchovu, ambayo mgonjwa anaifuata kwa miguu yake, tena amevaa raba, akaiagiza kama anavyoagiza supu.

Kijana akaleta hoja ambayo nimeisikia mara nyingi: vitamini haitaonekana kwenye mkojo. Sawa, lakini mkojo ni ushahidi mmoja tu. Mwaka 2018 muogeleaji wa Marekani, Ryan Lochte, bingwa wa Olimpiki, alijipiga picha akiwa ametundikiwa dripu ya vitamini akaiweka mtandaoni. Hakukuwa na dawa iliyokatazwa ndani yake. Alifungiwa miezi 14. Kijana akacheka, kisha akatoa simu na kufungua status yake. Sikumuuliza alikuwa anafuta nini.

Wengi wakisikia habari hizi wanawaza sindano za EPO, dawa ambayo hospitali huwapa wagonjwa wa figo wenye upungufu wa damu. Mimi kwa wanafunzi wetu naogopa vitu vya bei ndogo vilivyo ndani ya begi. Mfano mzuri ni salbutamol. Mwenye pumu anayevuta kwa pampu anaruhusiwa, mradi asizidishe mikrogramu 1,600 kwa saa 24, wala 600 ndani ya saa 8. Lakini vidonge vya salbutamol, vile vidogo ambavyo bado vinauzwa kila duka la dawa, vimekatazwa wakati wote. Dawa ni ile ile, njia ya kuingilia ndiyo tofauti. Anayehitaji kidonge kweli aombe kibali cha matibabu, daktari amwandikie na vipimo viambatanishwe, kabla hajakimbia.

Tramadol nayo, dawa kali ya maumivu ambayo wachezaji wa mpira wanapeana kama pipi kwa ajili ya goti, imekatazwa kwenye mashindano tangu 1 Januari 2024. Prednisolone na deksa (dexamethasone) za kumeza au kuchomwa zimekatazwa kwenye mashindano, na deksa hiyo hiyo ndiyo humezwa na wanaotaka kunenepa. Dawa za presha zinazokojoza, kama furosemide, zimekatazwa wakati wote; mabondia na wana karate wanaotaka kushuka uzito wanisikie hapo. Mirungi, hata ukiacha kwamba sheria ya nchi inakukamata kwanza, ina kemikali mbili zilizomo kwenye orodha ya mashindano. Mseto wa malaria hauna shida. Panadol haina shida. Kahawa haina shida kwa WADA, ila mdogo wangu uliyepata skolashipu ya kukimbia Marekani soma tena: kule NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, wana orodha yao, na kafeini ya kahawa ikizidi kiwango chao kwenye mkojo, umenaswa. Kosa la kwanza kwao hukutoa mashindanoni mwaka mzima.

Sasa makopo ya virutubisho. Kila jimu ina mtu wake wa unga. Anauza kopo zima, au anakupimia vijiko kwenye nailoni, na anaapa kwamba ni protini tupu. Huenda yeye mwenyewe anaamini. Maabara ya Cologne, Ujerumani, iliwahi kupima virutubisho 634 kutoka nchi 13, vyote vikiuzwa kama visivyo na homoni. 94 vilikuwa na homoni za aina ya kuongeza misuli ambazo hazikutajwa popote. Vingine huchafuliwa kiwandani kwa kutumia mashine moja bila kuisafisha vizuri. Vingine mtengenezaji huchanganya kwa makusudi ili mteja aone matokeo na arudi. Lebo haitakwambia. Wala TMDA, mamlaka ya dawa nchini, haikusajilii dawa kwa kuangalia kama utapona kipimo cha michezo. Hiyo siyo kazi yake.

Kanuni ni ngumu hapa: kilichokutwa mwilini mwako ni chako, hata kama hukujua. Ukithibitisha kwamba kopo lilichafuliwa adhabu inaweza kushuka, kuanzia onyo hadi miaka miwili ya kufungiwa. Lakini utathibitishaje unga wa nailoni? Ndiyo maana nasema kama ni lazima, tafuta lililopimwa toleo kwa toleo na mpango kama Informed Sport, linganisha namba ya toleo (batch), na ubaki na risiti. Kwangu si lazima. Maharage, mayai, dagaa na maziwa mgando ya hapa Kilimanjaro vinatosha kwa mkimbiaji wa chuo, na hela iliyobaki inanunua raba.

Siku ya kupimwa yenyewe haina uchawi. Afisa wa jinsia yako atakuangalia ukikojoa, ndiyo, moja kwa moja. Inatakiwa mililita 90, zinagawanywa chupa A na B, unazifunga mwenyewe. Una haki ya kuwa na mtu wako. Kwenye fomu andika kila ulichomeza siku saba zilizopita, hadi Panadol. Kwa hiyo weka daftari, na uandike jina la kitaalamu la dawa, siyo jina la biashara, maana tovuti za kukagulia dawa za wanamichezo hazijui majina ya kwenye maduka yetu.

Nilimwambia kijana amweleze kocha habari ya chupa ile kabla ya Jumamosi. Alinyamaza, akauliza kuhusu unga anaotumia mwenzake wa chumbani. Nikamwambia alete kopo. Ijumaa akalileta: lebo imebanduka nusu, namba ya toleo haisomeki. Lipo juu ya kabati langu hadi leo, mwenyewe hajalifuata.